Benki ziandike masharti ya bonasi ya kadi mbele ya fomu, na kwa Kiswahili

Mhariri,

Wiki jana Jumatatu msichana mmoja tunayefanya naye kazi alikuja kwa meza yangu saa ya lanchi na fomu tatu za kadi ya mkopo, za benki tatu tofauti, akaniambia, "Anti, nisaidie kujaza hapa kwa mshahara, nisikosee." Mimi ni karani wa hesabu kwa duka la spea za magari huku Kirinyaga Road na payslip za wafanyakazi wote zinapitia kwa mkono wangu, kwa hivyo najua analipwa 28,000 kabla ya makato, na ukitoa NSSF, SHA, ile pesa ya nyumba na PAYE anabaki na 24,800 hivi. Nikasoma zile fomu moja moja. Ya kwanza inampea pointi za kumkaribisha akitumia 30,000 kwa siku 60, ya pili inataka atumie 50,000 kwa siku 90, ya tatu 75,000 kwa siku 90. Nikachukua kalkuleta nikajumlisha mbele yake, ikaja 155,000. Mshahara wake wa miezi mitatu yote, bila kula, bila kulipa nyumba Pipeline, bila kumtumia mamake kitu kule Kitui, haufiki 75,000.

Alinyamaza kidogo akasema hakuwa amejumlisha. Na huyu ni mtoto wa diploma, hesabu anajua. Shida ni kwamba kila fomu ukiisoma peke yake inaonekana ni kitu inawezekana, na ile 75,000 imeandikwa nyuma, kwa Kiingereza cha herufi ndogo kama za dawa, halafu mbele kuna picha ya ndege na neno BURE kubwa.

Nimeandika hii barua juu hiyo njia alikuwa anaingia mimi nilishaipita, ikanitoa pesa, na nikizunguka kwa mall na stage za Nairobi siku hizi naona vijana wa mauzo wako kila mahali na hema na fomu, na wanaosimama hapo wengi ni watu wa mshahara kama wangu.

Yangu ilikuwa Machi 2024. Nilikuwa natoka supamaketi na mifuko miwili, kijana mmoja mpole sana, amevaa fulana ya benki, akanibebea mfuko mmoja mpaka kwa hema yao na kuniuliza, "Madam, wewe hununua hapa kila mwezi, kwa nini usilipwe kununua?" Mwaka wa kwanza hakuna ada. Nikitumia 60,000 ndani ya siku 90 napewa pointi 6,000. Nilimuuliza pointi 6,000 ni kitu gani, akasema ni vocha, unanunua chochote. Sikumuuliza ni vocha ya pesa ngapi. Yeye pia hakusema. Nilipeleka payslip tatu, stetimenti ya benki ya miezi 6, kopi ya kitambulisho na PIN ya KRA, na baada ya wiki mbili nikapigiwa simu kadi imefika, limiti 50,000. Ukweli nilifurahi. Miaka yote nimefanya hesabu za pesa za watu wengine na hii ilikuwa mara ya kwanza benki kuniambia mimi ni mtu wa kuaminika.

Sasa sikiza pahali shida iliingilia, kwa sababu sijaona mtu akiieleza.

Mshahara wangu ni 48,000, nikishakatwa naingiza 37,700 na kitu. Nyumba Umoja ni 12,000 na keyateka anataka kwa paybill. Matatu ni pesa mkononi ama M-Pesa ya konda. Mama mboga ana Pochi la Biashara. Maziwa, gesi, tokeni za stima, maji, kinyozi wa watoto, fundi wa viatu, chama, sadaka, yote ni till ama kutuma. Fizi ya watoto ni paybill. Ukiniuliza kwa huo mwezi wote ni wapi natelezesha kadi kwa mashine, ni supamaketi peke yake, na huko natumia 6,000, mwezi mbaya 7,000. Kwa hivyo kwa siku 90 maisha yangu ya kawaida yanaweza kupitisha 18,000 kwa kadi. Benki inataka 60,000. Hiyo 42,000 ingine itoke wapi? Lazima itoke kwa kitu ambacho hukuwa unanunua.

Na hivyo ndivyo ilikuwa. Friji yetu ilikuwa imezeeka lakini ilikuwa inagandisha, na mpango ulikuwa niinunue Desemba zamu yangu ya chama ikifika, pesa taslimu. Nikaona si heri niinunue sai nipate pointi. Nikaenda Luthuli Avenue kwa yule mzee tunanunuanga kwake, friji ilikuwa 35,500, nikamtolea kadi akatingisha kichwa, "Mama, hiyo mashine sina. Ukikuja na till ni hapo hapo." Nikamuuliza kwa nini hana. Akaniambia alikuwa nayo zamani akairudisha juu kila mtu akilipa na kadi benki inamkata asilimia fulani, na yeye kwa friji moja faida yake ni ndogo, hiyo asilimia ndiyo chakula ya watoto wake. Jirani yake wa duka la tivi anayo mashine lakini anaongeza asilimia 3 juu ya bei ukitoa kadi. Basi nikaenda mall, friji ile ile, modeli ile ile, 38,500. Nikalipa na kadi. Nikapiga hesabu, 18,000 na 38,500 ni 56,500, bado 3,500, na siku zimebaki nne. Nikanunua pasi na seti ya sufuria, 4,000. Pasi tulikuwa nayo.

Pointi zilikuja kweli, benki haikunidanganya hapo. Pointi 6,000, kila pointi senti 25, vocha ya 1,500. Nilinunua mafuta lita 3, unga pakiti mbili na sukari kilo moja.

Stetimenti ilikuja kwa simu usiku watoto wamelala, na nakumbuka nilikaa kwa meza ya jikoni, ile friji mpya inanguruma nyuma yangu, nikafungua, nikaona deni 42,500 na chini yake "kiwango cha chini cha kulipa 4,250". Mwezi huo nilikuwa na 5,000 ya kulipa, sikuwa na 42,500, na hata ningekuwa nayo si ningenunua friji taslimu? Nikalipa 5,000 nikaona nimefanya vizuri, hata nimepita kile wanataka. Mwezi uliofuata kukawa na laini mpya kwa stetimenti: riba, 1,487.50. Asilimia 3.5 ya deni lote, kutoka siku nilinunua, kwa sababu usipomaliza deni lote kwa tarehe, zile siku walikuambia hazina riba zinapotea zote, na hii pia iko kwa zile herufi ndogo. Yaani riba ya mwezi mmoja tu ilimeza vocha yangu, ikaacha shilingi 12 na senti 50.

Nililipa 5,000 kila mwezi bila kukosa. Ilinichukua miezi 11. Riba yote ikajumlisha 8,838. Machi 2025 mwaka wa bure ukaisha wakanikata ada ya mwaka 2,500. Ongeza zile 3,000 nilizidisha kwa kununua friji mall badala ya Luthuli. Hiyo ni 14,338, kwa vocha ya 1,500, na hapo pasi ya pili sijaiweka kwa hesabu.

Mtu atauliza hii akili nilitoa wapi. Nilitoa kwa binamu yangu ambaye tulilelewa nyumba moja, sai yuko Minnesota anafanya kazi ya kutunza wazee, na yeye mshahara wake kwa huko ni wa chini. Alikuwa ameniambia kwa WhatsApp miaka kadhaa vile anachukua kadi, anapata bonasi, anaongeza pointi, na mwaka mmoja alikuja nyumbani tiketi yake nusu imelipwa na pointi. Na ni kweli, sio porojo. Huko kuna kadi hazina ada ya mwaka kabisa na zinakupa dola 200 ukitumia dola 500 kwa miezi mitatu. Piga hiyo kwa shilingi, dola moja ikiwa 129: unatumia 64,500 unarudishiwa 25,800. Mimi nilitumia 60,500 nikarudishiwa 1,500. Na zile dola 500 yeye hazitafuti popote, juu mafuta ya gari, chakula, simu, bima ya gari, vyote vinapita kwa kadi na vilikuwa vipite tu hata bila bonasi. Hapo ndipo tofauti iko. Kwake bonasi inafuata maisha yake, kwangu ilibidi maisha yangu yafuate bonasi.

Hata huko kwao si kila kadi ni ya mtu wa kipato kidogo, na yeye mwenyewe ananiambia. Zile za kifahari zina ada kubwa na kiwango kikubwa cha kutumia. Mwaka 2016 benki ya Chase ya huko Marekani walileta kadi ya Sapphire Reserve na pointi 100,000 za kukaribisha, watu wakaikimbilia sana, lakini ada ilikuwa dola 450 kwa mwaka na ulitakiwa utumie dola 4,000 kwa miezi mitatu, na Januari 2017 bonasi ikashushwa ikawa 50,000. Hiyo benki pia inajulikana kwa kukataa mtu ambaye amefungua kadi tano au zaidi kwa miezi 24, za benki yoyote. Na kila ukiomba, ule ukaguzi unakaa kwa rekodi yako ya mikopo miaka miwili. Binamu yangu alianza na kadi ya kuweka amana, akaweka dola 300 zake mwenyewe kama dhamana, akalipa mwaka mzima ndio wakampea ya kawaida. Hiyo sehemu hakuniambia mwanzoni, na kwa hizo video za Wamarekani ambazo wasichana wetu wanaangalia kwa matatu wakienda kazi sijaisikia ikitajwa.

Na hizo zawadi zinatoka wapi? Niliuliza sana, kwa sababu kwa kazi yangu pesa haitoki hewani, lazima kuna upande wa pili wa kitabu. Inatoka kwa ile asilimia yule mzee wa Luthuli alikataa kukatwa. Muuza duka anakatwa, sehemu kubwa inaenda kwa benki iliyokupa kadi, na benki inakurudishia kidogo kama pointi. Huko Marekani hiyo asilimia kwa kadi za mkopo haijawekewa kikomo na sheria ya nchi, ndio bonasi zao ni nene. Ulaya waliweka kikomo mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Na duka likikatwa linapandisha bei kwa kila mtu, hata yule analipa taslimu. Benki ya Federal Reserve ya Boston, ambayo ni sehemu ya benki kuu ya Marekani, ilipiga hiyo hesabu mwaka 2010 ikapata kwamba nyumba ya wastani inayolipa taslimu Marekani inatoa kama dola 149 kwa mwaka kusaidia wanaotumia kadi, na nyumba inayotumia kadi inapokea kama dola 1,133. Wanaopata zaidi ni wenye kipato kikubwa. Mimi hiyo iliniuma kusoma, juu inamaanisha mama mboga wangu akienda supamaketi na noti zake anachangia vocha ya mtu mwingine.

Upande mwingine pesa inatoka kwa riba, yaani kwetu sisi tunaobaki na deni. Anayelipa yote kila mwezi anachukua pointi zake anaenda, na yule wa kulipa kiwango cha chini ndiye anaiweka biashara hai.

Sasa kuna mtu kazini, fundi wetu mmoja mzee, aliniambia niache kuogopesha watoto, afadhali kadi kuliko mikopo ya simu. Na ana hoja, siwezi kuikataa. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na kuna app zingine zimewahi kutoza zaidi ya hapo, kwa hivyo mtu akisema asilimia 3.5 kwa mwezi ni nafuu, ni nafuu kweli. Na zile siku za bure pia ni za kweli ukizijua kutumia. Kadi yangu stetimenti inafungwa tarehe 20 na mwisho wa kulipa ni tarehe 10. Nikinunua unga tarehe 21, inaingia kwa stetimenti ya mwezi unaofuata, nalipa tarehe 10 ya mwezi mwingine, hizo ni kama siku 50 natumia pesa ya benki bila senti ya riba. Nikinunua tarehe 19 nina siku 21 tu. Hii ndiyo faida kubwa ya kadi kwa mtu wa mshahara mdogo na hakuna kijana wa hema amewahi kuniambia, wote wanaimba pointi. Sai kadi ninayo bado, naitumia supamaketi peke yake, nalipa yote tarehe 5 mshahara ukishaingia, na nilipowapigia simu kuwaambia naifunga kwa sababu ya ada, waliniondolea ada ya mwaka huu. Kumbe ukiuliza unapewa.

Na kuna mtu bonasi inamfaa hata kwa mshahara wa kawaida. Dereva wetu wa deliveri za nje ya Nairobi anaweka mafuta ya gari ya kampuni kwa kadi yake mwenyewe, 25,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na kampuni inamrudishia baada ya wiki mbili, mimi ndiye humlipa. Huyo alifikisha kiwango cha bonasi bila kununua hata kijiko. Lakini yeye ana kampuni nyuma yake. Msichana wa 28,000 ana nani?

Nilimwambia yule msichana mambo machache na ninayarudia hapa kwa wenzake. Kabla hujaomba, chukua ripoti yako ya CRB, zile kampuni zinaweka rekodi za mikopo ya watu kwa leseni ya Benki Kuu, na ripoti moja kwa mwaka ni haki yako bila kulipa. Usiombe benki tatu kwa wiki moja, kila moja itaangalia rekodi yako na ya tatu itaona wawili walitangulia, itakuuliza mbona una njaa hivyo. Chukua risiti zako za miezi mitatu iliyopita, angalia ni ngapi zingelipwa na kadi kweli, sio kwa till, na kama hiyo namba haifiki kiwango cha bonasi, hiyo bonasi si yako, hata iwe nzuri namna gani. Uliza pointi moja ni senti ngapi na zinaisha lini. Mimi nilishawahi kupoteza pointi za miaka kwa supamaketi moja iliyofungwa, kadi yake ya plastiki bado iko kwa droo. Na ujue ukishindwa kabisa kulipa, sheria ya mabenki kifungu cha 44A, tangu 2007, hairuhusu riba ya deni lililokwama kuzidi lile deni lenyewe, lakini jina lako likiingia CRB vibaya linakaa miaka mitano baada ya wewe kumaliza kulipa. Kwa mtoto wa miaka 23 hiyo ni mpaka azae, aombe mkopo wa ploti, akataliwe kwa sababu ya sufuria.

Hayo ni yetu. Lakini Mhariri, siwezi kukubali kwamba kazi yote ni ya mteja. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kile ananunua. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mimi nikiweka hizo mbili pamoja naona fomu ya kadi inafaa iwe na Kiswahili, na sio nyuma. Mbele, hapo kando ya ile ndege, kwa herufi za ukubwa ule ule wa neno BURE, iandikwe namba nne: lazima utumie pesa ngapi kwa siku ngapi, bonasi ni shilingi ngapi (shilingi, sio pointi), riba kwa mwezi ni asilimia ngapi usipomaliza deni, na ada ya mwaka wa pili. Mistari minne tu. Wakitaka wa tano, waandike ukilipa kiwango cha chini pekee hilo deni litakuchukua miezi mingapi. Mwaka 2017 Benki Kuu na chama cha mabenki walianzisha tovuti ya kuonyesha gharama yote ya mkopo wa kawaida, kwa hivyo haya mambo yanawezekana watu wakiamua.

Na wale vijana wa hema siwalaumu. Wanalipwa kwa idadi ya fomu, wanasimama jua kali kutoka asubuhi, na yule wangu nikimkumbuka alikuwa mstaarabu kuliko watu wengi. Nilimuona tena mwaka huu, stage ya Donholm, fulana ya benki ingine. Nikamuuliza, kijana wangu, ile bonasi mlinipea ilikuwa vocha ya pesa ngapi, unajua? Akaniambia hawakufunzwa hiyo, walifunzwa kusema pointi.

Ninyi wa gazeti mna watu wa biashara hapo. Naomba mchukue fomu za kadi za benki zote za Nairobi, mzisome ile sehemu ya nyuma, mtuwekee kwa Kiswahili ukurasa mmoja, kila benki na namba zake, na mrudie kila wanapobadilisha. Mtu anasoma hii gazeti akingoja gari Muthurwa, atakata huo ukurasa aweke kwa pochi.

Msichana wetu aliachana na fomu mbili. Iliyobaki, ile ya 30,000, ameniambia atangoja mpaka Januari, juu kampuni imemwambia ataanza kununua vitu vya ofisi na arudishiwe. Ile ya 75,000 alinipea, niko nayo kwa mkoba. Nikipata ruhusa Ijumaa nitaileta hapo kwenu mtu wa biashara aanze nayo.

Karani wa hesabu,
Umoja, Nairobi